Adabu ya Kupanda Ndege ya Mwenzako

Jedidah alisimama mbele ya kioo cha kabati, nyumbani kwao Edmonton, London, akijitazama kama mtu anayekwenda kuhojiwa kazi. Nyuma yake alikuwa binti yake Makena, ameshika kiatu cha raba mkono mmoja na cha ngozi mkono wa pili.

"Raba hapana, Mama."

"Lakini miguu yangu itavimba. Tutakaa angani kutwa nzima."

"Utavua ukishaketi. Mlangoni lazima waone umevaa."

Makena alikuwa rubani msaidizi wa ndege za abiria. Siku hiyo hakuwa kazini. Alikuwa anasafiri na mama yake kwenda Nairobi, na kutoka huko hadi Nakuru, ambako Tevin, mtoto wa kiume pekee wa Jedidah, alikuwa anaoa siku ya Jumamosi. Hii ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Wangeweza kukata tiketi za kawaida mapema, ila Jedidah hakujua kwamba pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Aligundua siku aliyoitoa kwenye sanduku chini ya kitanda ili aipanguse vumbi. Mpya ilipopatikana, ndege zote za wiki hiyo zilikuwa zimejaa. Njia ikabaki moja tu, tiketi ya kusubiri, ile anayopewa mfanyakazi wa ndege pamoja na mzazi wake. Tiketi hiyo haiahidi kitu. Abiria wote wakishaingia, kikibaki kiti, unakaa. Kisipobaki, unarudi nyumbani na mizigo yako.

Na tiketi hiyo ilikuwa na adabu zake. Makena alikuwa amemfundisha mama yake tangu Jumatatu, na sasa alikuwa anamtahini.

"Haya, niambie tena."

Jedidah akajibu kama mtoto wa Sunday school. "Kuvaa vizuri. Kushukuru kila mtu. Kutoitisha kitu. Kutolalamika hata wakiniweka karibu na choo. Kungoja mpaka wenye tiketi zao waingie wote. Mwanangu, hata Musa hakupewa amri nyingi hivi."

"Umeacha moja."

"Sijaiacha, naikwepa." Jedidah aligeuka. "Kutomwambia mtu kwamba wewe ni rubani. Hiyo ndiyo siielewi. Nimewaogesha wazazi wa watu miaka yote hii ili usome, halafu nikufiche kama bidhaa ya magendo?"

Makena alicheka. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyelelewa London, kinatembea polepole na kupumzika njiani, lakini kwa mama yake alijitahidi. "Si kunificha, Mama. Abiria wakijua, wataanza kuniuliza. Huu mlio ni wa nini, mbona bawa linatikisika. Ndege siku hiyo ina wenyewe. Mimi ni mgeni tu."

Kisha akamweleza tena habari ya kile kiti kidogo. Ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya wale wawili wanaoendesha, kuna kiti cha ziada. Rubani asiye kazini anaweza kukaribishwa akae hapo, ila ni kapteni wa safari hiyo anayeamua, na hakuna wa kumwuliza kwa nini. Kama kingepatikana kiti kimoja tu kwa abiria, na kapteni akamkubali Makena kule mbele, basi Jedidah angekaa kwenye hicho kimoja na wote wawili wangefika arusini.

"Nitakwenda mwenyewe kumwomba. Simu hapana, kumtuma mtu hapana. Ni uso kwa uso."

"Unabisha hodi."

"Ndiyo. Nabisha hodi."

"Na akikataa?"

"Namshukuru naondoka. Hatuombi mara mbili, na hatununi."

Jedidah alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hiyo adabu nimeipenda. Mtu asiingie kwa mwenzake kwa sababu tu na yeye ana nyumba."

"Na maombi, Mama."

"Maombi yamefanya nini?"

"Uombe kimya kimya. Tafadhali. Mungu si kiziwi."

"Wala hashtuki akisikia sauti," alisema Jedidah, akavaa viatu vya ngozi.

*

Kwenye geti la kuondokea, watu walikuwa wamejaa na kila kiti kina mtu au begi. Aliyesimamia geti alikuwa kijana aitwaye Collins, Mjaluo mrefu mwenye tai iliyonyooka. Makena alimsogelea, akatoa kitambulisho chake, akaongea kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwa mama yake.

"Kinaonekana kiti kimoja. Kapteni bado anajitayarisha, akimaliza Collins ataniita nikamwone. Kaa hapa, Mama. Usiende mbali."

"Niende wapi na viatu hivi?"

Makena alirudi kusimama karibu na dawati. Jedidah akapata nafasi kando ya mwanamke wa Kihindi wa makamo, amejitanda mtandio wa kijivu. Kazi ya kutunza wazee ilikuwa imemfundisha Jedidah kutazama mikono kabla ya uso, na mikono ya mwanamke huyu ilikuwa inafungua na kufunga mkoba bila kutoa kitu.

"Mama, u mzima?" alimwuliza kwa Kiingereza, kisha, kwa sababu ndege ilikuwa ya Nairobi, akarudia kwa Kiswahili.

Mwanamke aligeuka upesi, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni. "Mzima, dada. Naogopa ndege tu." Aliitwa Nazneen. Aliishi mtaa wa Queensbury, lakini alizaliwa Mombasa, na huko ndiko alikokuwa anakwenda, kwa kaka yake Mahmood. "Zamani nalisafiri na mume wangu. Yeye alikuwa anishika mkono hadi ndege ikitulia. Sasa hayupo. Mwaka jana amefariki."

"Pole sana, mama."

"Nimekaa hapa tangu alfajiri. Kila nikiitazama hiyo ndege, nataka kurudi nyumbani."

Moyo wa Jedidah uliyeyuka. Akamwuliza kama angependa aombewe.

"Niombee, dada. Mungu ni mmoja."

Jedidah alikusudia kuomba kimya, na Mungu aliujua moyo wake. Alimshika Nazneen mkono, akafumba macho, akaanza kwa kunong'ona. Lakini maombi yake yalikuwa kama maziwa jikoni: ukitazama kando kidogo, yameshapanda. Tena kwenye ushirika wao wa Ijumaa, katika ukumbi wa shule waliokuwa wakikodi, walizoea kuanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza ili watoto nao waelewe. Basi Jedidah alipopata moto akavuka kwenye Kiingereza bila kujitambua, na sauti ikavuka naye.

Alikataa ajali. Alifunga kila roho ya moto ndani ya injini. Alitangaza kwamba bawa la kushoto halitakatika, wala la kulia halitakatika, na kwamba hakuna hata mtu mmoja wa geti hili atakayeanguka baharini leo, kwa jina la Yesu!

Alipofumbua macho, geti lote lilikuwa kimya. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake kama kweli wataanguka baharini. Kijana aliyeketi mbele yao, amevaa vipokea sauti shingoni, aliinama kwake. Alikuwa Sunny, wa Kilburn, anayekwenda kumtembelea bibi yake Nairobi.

"Auntie, umeona nini?"

"Sijaona kitu, mwanangu."

"Mbona umetaja injini?"

"Nimezitaja tu. Mungu anapenda tutaje."

"Na bawa la kushoto? Umeanza na la kushoto."

Watu walianza kugeuka na kutazamana. Jedidah alitaka kuwatuliza, na neno la kutuliza lililokuwa karibu zaidi na ulimi wake lilikuwa lile alilolibeba kwa fahari tangu nyumbani.

"Msiwe na wasiwasi, jamani. Yule pale ni binti yangu, yeye mwenyewe ni rubani! Kungekuwa na jambo, angesema."

Macho yote yakamhamia Makena. Kabla hajajua la kufanya, watu walikuwa wamemzunguka, mmoja anauliza hali ya hewa, mwingine anauliza kama ndege hii ni kuukuu. Jedidah alimwona binti yake akivuta pumzi.

"Ndege iko salama," Makena aliwaambia, sauti yake laini. "Marubani wake ni watu ninaowaheshimu. Mimi niko likizo, naenda arusini. Mama yangu huomba hivyo kila siku."

Wengi walicheka, wakarudi kukaa. Lakini Nazneen alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Siendi," alisema. "Wanisamehe. Mie siendi."

*

Abiria waliitwa, wakaingia, geti likabaki tupu. Nazneen alikaa peke yake kwenye safu ya mwisho. Makena alikuwa ameteremka kwenda kumwona kapteni. Collins alimjia Jedidah na kuinama kwa heshima.

"Mum, sikia. Kiti cha kwanza kipo. Na yule mama pale asipopanda, nina kiti cha pili. Hamtamhitaji hata kapteni. Nyinyi wawili mmekwenda."

"Bwana asifiwe," alisema Jedidah.

Lakini neno lilipotoka aliliona limepinda. Alimtazama Nazneen, aliyekuwa anabonyeza simu yake, pengine anatafuta namna ya kumwambia kaka yake. Kiti kile hakikuwa kimefunguliwa na Mungu. Kilikuwa kimefunguliwa na mdomo wake. Kukikalia kungekuwa kama kumtisha mtu njiani, akikimbia uokote mzigo aliouangusha, kisha ushukuru kwa baraka.

Halafu akamwona Tevin. Akamwona amesimama mbele ya kanisa, anageuka kutazama kiti cha mama. Akamwona na dada yake kando, kwa sababu Tevin alikuwa amesema kwenye simu, mara nyingi, kwamba anawataka wote wawili. Bwana, alisema moyoni, wewe unajua ninavyotaka. Na jibu halikuja kwa sauti yoyote, ila miguu yake, ndani ya vile viatu vya kubana, ilikuwa imeshaanza kutembea kuelekea safu ya mwisho.

Alipiga magoti mbele ya Nazneen, kama alivyofanya kila siku kazini anapotaka kuzungumza na mtu aliyeketi bila kumsimamia kichwani.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Sikuomba vile kwa sababu nimeona hatari. Mimi huomba vile hata nikipanda basi la kwenda Tottenham."

Nazneen alimtazama. "Basi?"

"Basi, treni, hata lifti ya kazini. Wazee wangu wameshazoea. Kuna mmoja haamini chochote, lakini husema Amina upesi upesi ili lifti iondoke."

Kitu kama kicheko kilipita usoni mwa Nazneen, kikaondoka. "Kiti changu apewa nani nisipoingia?"

Jedidah aliinamisha macho. Angeweza kusema hajui. "Mimi na binti yangu. Kipo kimoja, na chako kingekuwa cha pili. Mwanangu anaoa keshokutwa."

"Na bado wataka niingie?"

"Ungekuwa umekataa kwa hofu yako mwenyewe, ningekuaga kwa amani. Lakini hofu hii nimekupa mimi. Nenda kwa ndugu yako, mama."

Nazneen aliifunga simu, akajitengeneza mtandio.

"Basi nishike mkono hadi mlangoni," alisema. "Na usiombe."

"Siombi."

Collins aliwatazama wakija, akaipokea tiketi ya Nazneen.

*

Jedidah aliporudi, Makena alikuwa anapanda kutoka ndani, na pamoja naye mwanamume wa nywele za mvi, mwenye mistari minne mabegani. Alikuwa Kapteni Paresh. Jedidah aliogopa kumtazama. Alikuwa amesikia kwamba wanaoomba huomba uso kwa uso, ila hakuwa ameambiwa kwamba mwenye kukataa naye, akiwa muungwana, hupanda ngazi kuja kukataa uso kwa uso.

"Binti yako amenieleza yote kabla sijasikia kwa mtu mwingine," alimwambia Jedidah kwa Kiingereza cha upole. "Siku nyingine yoyote ningemkaribisha kwa furaha. Lakini leo abiria wanamjua sura, na wanajua kazi yake. Wakishamsikia mtu akitaja injini, halafu wamwone rubani wa ziada anapita kuingia kwangu, hakuna maneno yangu yatakayowatuliza. Watasema ameitwa kusaidia. Siwezi kuwapeleka mbali hivyo wakiwa na wazo hilo."

"Mimi ndiye niliyewaambia," alisema Jedidah. "Adhabu ni yangu."

"Si adhabu, mama."

Makena alinyoosha mkono. "Nimeelewa, Kapteni. Asante kwa kuja mwenyewe. Safari njema." Alisema hivyo bila kukunja uso, na Jedidah, aliyemlea na kuijua kila aina ya huzuni yake, aliona tu kidole gumba kikisugua upande wa koti. Kapteni alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akateremka.

Walibaki wawili, na Collins aliyejifanya anasoma kompyuta.

"Chukua mkoba wako, uingie," alisema Jedidah. "Wewe nenda. Wewe ndiye mfanyakazi, tiketi ni yako."

"Mama."

"Nimeiharibu mimi, mami. Ulinikataza, na nikasema nimeelewa. Nenda ukasimame na ndugu yako."

"Mama, Tevin anaweza kuoa bila dada. Nani atamkabidhi kwa ile familia ya bibi arusi? Mimi? Hata salamu zao sijui kuziitikia."

Jedidah alitaka kucheka, akalia. Alisema kile ambacho kilikuwa kinamchoma tangu aliporudi kutoka mlangoni. "Kulikuwa na viti viwili. Collins alikuwa amenipa. Nimempeleka yule mama akakae."

Alingoja.

"Najua," alisema Makena. "Nilimpita mlangoni. Ameniambia." Akamtengeneza mama yake kola ya koti, polepole, kama anavyotengenezwa mtoto siku ya kwanza ya shule. "Kwetu kazini, anayesafiri bure akichukua kiti cha abiria kwa hila, hatasimama tena mbele ya wenzake. Wewe hukufundishwa hiyo. Sikuwa nimefika hapo."

"Kwa hiyo hujanikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana. Nitakukasirikia mpaka Jumapili." Akambusu paji la uso. "Nitajaribu ya kesho, ingawa imejaa. Nisipofika, mwambie Tevin nampenda. Nenda, wanakungoja. Ukiona mtu yeyote, mshukuru."

*

Kiti cha Jedidah kilikuwa cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo. Hakulalamika. Lakini alipokuwa anapita, Nazneen alimshika mkono wa koti na kumnong'oneza kijana aliyeketi kando yake. Kijana huyo alikuwa Sunny.

"Kaa hapa, auntie," alisema Sunny, akisimama. "Mimi nitakwenda kwenye kiti chako. Lakini niambie kwanza." Alitazama nyuma ya Jedidah, kuelekea mlango uliokuwa unafungwa. "Binti yako yuko wapi? Yule rubani?"

"Amebaki."

"Amebaki?"

Sunny hakukusudia kupaza sauti, lakini ilipaa. Vichwa vikageuka katika safu ya mbele na ya nyuma. Mwanamume mmoja alivua miwani. "Rubani amekataa kupanda?" aliuliza mtu. Jedidah alihisi vidole vya Nazneen vikibana mkono wake.

Alikuwa na maneno mengi mdomoni, kama kawaida yake. Safari hii aliyaacha yapite, akachagua.

"Kiti kilikuwa kimoja," alisema, bila kupaza sauti, na kwa kuwa hakupaza, wote walinyamaza ili wasikie. "Kilikuwa chake. Amemnyima nani arusi ya kaka yake? Si mimi. Amejinyima mwenyewe, akanipa mimi mama yake niende. Sasa niambieni. Binti anayejua ndege, kama angekuwa na shaka na hii, angemfunga mama yake mkanda humu?"

Mwanamume wa safu ya mbele alivaa miwani yake. Sunny alikuna kichwa.

"Hapana," alisema. "Mamangu mimi nisingempandisha." Akachukua begi lake, akaenda nyuma karibu na choo.

Jedidah aliketi. Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe, kwamba binti yake amejinyima ili yeye aende, na machozi yakaja, ya kweli, na hakuyazuia. Ndege ikaanza kurudi nyuma taratibu kutoka kwenye jengo. Nazneen alichukua mkanda wa Jedidah, ambao ulikuwa umelegea mapajani, akaufunga na kuukaza vizuri.

"Arusi ni saa ngapi hiyo Jumamosi?" aliuliza.

"Asubuhi."

"Basi nisimulie. Bibi arusi ni mtu wa wapi?"

Na Jedidah akaanza kumsimulia, mkono wake umeshikwa, huku wakipanda.